Korongo la Fish River kwa miguu ya Mabatini: uzi wa wana-Mwanza wanaotaka kwenda

#1 Mtoto wa Mabatini

Mwangaluka wana-Mwanza, mlioko nyumbani na mlioko mbali.

Kwenye uzi wa matembezi ya kisiwa cha Saanane niligusia kwamba nimeshatembea korongo la Fish River kusini mwa Namibia. Tangu siku ile watu wamenifuata faragha wakiuliza maswali yaleyale. Naona bora nijibu hapa mara moja, tena kwa kirefu, maana kuna jambo sikuambiwa na mtu kabla sijaenda na ningependa wewe uende ukilijua.

Nilikuwa Windhoek kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwezi wa saba tukajikusanya watano wa kazini, tukaingia korongoni Jumatatu asubuhi na kutoka Ijumaa mchana.

Ukubwa wake kwanza. Urefu wa korongo lote ni kama kilomita 160, upana unafika kilomita 27 pale palipotanuka zaidi, na kina chake mita 550. Ziwa letu, pale lilipo refu kwenda chini kuliko kote, ni kama mita 80 tu. Nilisimama ukingoni upande wa Hobas, kambi ya kuanzia safari, jua likitoka, nikajaribu kulimimina Ziwa Victoria mle ndani kwa mawazo. Niliona lingeishia kwenye vifundo vya miguu vya zile kuta.

Njia ya kutembea ni kama kilomita 85, kutoka Hobas hadi chemchemi za maji moto za Ai-Ais. Ni sawa na kutoka Mwanza mjini, ukaipita Magu, na bado safari inaendelea. Njiani hakuna duka, hakuna nyumba, simu haishiki. Chakula unabeba mwenyewe, maji unachota mtoni. Wanafungua njia kuanzia Mei hadi katikati ya Septemba, majira yao ya baridi, kwa sababu kiangazi joto la kule chini linapita nyuzi 40 na mto unaweza kufurika. Hawamruhusu mtu wa peke yake wala wawili, lazima muwe watatu au zaidi, na kila mmoja aje na cheti cha daktari kuthibitisha ana afya ya kutembea.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mimi nimekulia Mabatini juu, kule ambako nyumba zimebanwa katikati ya mawe na njia ni ngazi tu. Tangu darasa la tatu nimepandisha maji kwa ndoo ya lita 20, asubuhi safari mbili na jioni mbili. Begi langu la Fish River lilikuwa kilo 17. Nilipolinyanyua nikasema moyoni: hili nimelibeba maisha yangu yote.

Mwanzo wa mteremko kuna minyororo imefungwa kwenye mwamba ili ushikilie. Chuma kilikuwa cha baridi mpaka kikauma vidole. Minyororo ikiisha unabaki wewe na changarawe zinazoteleza, kisha mawe ya ukubwa wa meza, kisha tena changarawe. Unashuka kama mita 500 bila kupata mahali tambarare pa kupumzisha mguu. Nusu ya njia, mapaja yakaanza kutetemeka kama ya mtu mwenye malaria. Nikisimama yanatetemeka, nikipiga hatua goti linataka kukunjika lenyewe. Tulitumia saa mbili na nusu. Kule chini nililala chali juu ya mchanga, na nilipotaka kuamka ilibidi nimshike mwenzangu mkono.

Nikiwa nimelala pale ndipo akili ikanijia. Ndoo ile ya Mabatini nilipanda nayo ikiwa imejaa, nikashuka nayo ikiwa tupu. Miaka yote ile sikuwahi kushuka na mzigo. Na korongo ni mlima uliogeuzwa: unaanza kwa kushuka, siku ya kwanza, begi likiwa na chakula chote ndani, zito kuliko litakavyokuwa siku nyingine yoyote.

Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja kukusukuma juu. Ukishuka, msuli uleule unavutwa na kurefuka huku ukikaza, ukifanya kazi ya breki. Breki hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli. Huumwi sana siku hiyohiyo, unaumwa kesho yake na keshokutwa. Kwa hiyo siku ya pili na ya tatu, ambazo kule njia ni mchanga mzito na mawe makubwa ya kurukia, mimi nilizitembea na mapaja yaliyochanika. Kilomita 15 hivi za mwanzo, mpaka kwenye chemchemi za salfa, zilitumaliza karibu siku mbili.

Mwenye swali aulize.

#2 Ngosha wa Pasiansi

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi nina maswali mawili. Hayo maji ya mto yananyweka kweli? Na kilo 17 zilitoka wapi, ulibeba nini? Kundi letu la Jumamosi huwa tunatoka na chupa moja ya maji na karanga, basi.

#3 Mayu wa Nyakato

Mwanangu, mimi ni mama, nisomeni kwa uvumilivu. Binti yangu ana miaka 24, anafanya kazi Dar, na wenzake wamepanga kwenda hukohuko mwakani. Ananitumia picha za mawe mazuri, na kweli ni mazuri. Lakini hakuna picha hata moja inayonionyesha mtu akiumia anatolewaje. Kuna chui? Kuna nyoka? Na kama simu haishiki, mama anajuaje kama mtoto yu mzima?

#4 Mtoto wa Mabatini

Shikamoo Mayu. Nakuanza wewe.

Chui wapo, tuliona nyayo zake mchangani asubuhi moja, yeye hatukumwona. Nyoka wapo pia, ndiyo maana unatazama kabla hujaweka mkono juu ya jiwe, kama tunavyofundishwa huku tangu utotoni. Waliotusumbua ni nyani, wanaojua kufungua begi. Ila yote hayo hayaumizi watu kama mguu unavyoumiza. Kifundo kinateguka, goti linavimba, joto linampiga mtu.

Kutoka, kuna njia za dharura mbili zinazojulikana. Moja iko karibu na chemchemi za salfa, nyingine iko mbali kwa mbele, karibu na mwisho. Kati ya hizo mbili mgonjwa anabebwa na wenzake, au mmoja anatangulia kuita msaada na mwingine anabaki naye. Ndiyo maana ya ule ulazima wa watu watatu. Muulize binti kundi lao ni la wangapi. Watano au sita ningelala usingizi. Kisha awaachie siku na saa wanayotarajia kufika Ai-Ais, na namba ya pale. Hizo siku katikati hutapata habari, Mayu, sitaki kukudanganya.

Ngosha, kuhusu maji. Mwezi wa saba mto hautiririki sehemu nyingi, umebaki madimbwi. Mengine marefu kama uwanja, mengine ya kijani na yananuka. Tulichagua lililo kubwa na lenye kina, tukachuja kwa kitambaa, tukatia vidonge vya kutibu maji na kusubiri nusu saa, na ya jioni tukachemsha. Dimbwi moja nilipiga magoti kuchota, nikaona sharubu. Mumi! Mumi yuleyule wa huku kwetu, kichwa bapa, sharubu pande zote, amekaa kwenye maji yasiyofika magotini akisubiri mvua ya miezi mingi mbele. Nilikaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na mwamba wowote mle ndani.

Siku ya tatu tulikosea. Mto unajipinda sana, kwa hiyo watu hukata kona kwa kupita juu ya migongo ya vilima, na njia za mkato zimekanyagwa nyingi, nyingine hazifiki popote. Tukafuata moja tukiwa na lita moja moja tu, tukiamini tutakuta maji baada ya saa moja. Ilikuwa saa nne. Hewa ya kule ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Huku Mwanza shati likilowa unajua umepoteza maji. Kule shati ni kavu, ila lina mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Mwenzetu mmoja akaacha kuongea, akawa anajibu kwa kichwa tu. Tulimkalisha kwenye kivuli cha jiwe, tukampa ya kwetu kwa midomo midogo na ORS, tukangoja jua lishuke. Tangu hapo hakuna aliyeondoka kwenye dimbwi na chini ya lita tatu.

Na mzigo: hema la watu wawili tuligawana, mfuko wa kulalia (usiku baridi inashuka hadi karibu nyuzi 5, usiupuuze), jiko dogo na gesi, sufuria, dawa, nguo za kubadili mara moja, na chakula. Chakula changu kikubwa kilikuwa matobolwa. Mwenzangu alirudi kutoka likizo Mwanza na mfuko mzima kutoka kwa mama. Kiazi kilichochemshwa kikakaushwa ni chepesi, hakiozi, hakihitaji moto, unatafuna ukitembea. Wale Wanamibia walianza kwa kuonja, siku ya nne tukawa tunagawana kwa kuhesabu.

#5 Mpiga Nyundo wa Geita

Nimesoma mawe chuoni na ninafanya kazi nayo, naomba niongeze kidogo.

Mtu wa Mwanza akienda kule ataona mambo mawili tofauti kabisa na kwetu. Mawe yetu, haya ya Bugando, Isamilo, Capri Point na Saanane, ni itale. Yalipoa chini sana ya ardhi, yakapasuka kwa nyufa za mraba, maji yakapenya kwenye nyufa na kuzila kona, kwanza ardhini. Udongo uliozunguka ulipochukuliwa na mvua, yakabaki majiwe ya mviringo yamepandana kama mtu aliyapanga. Ndivyo Jiwe la Bismarck lilivyosimama pale majini.

Fish River ni ukuta wa matabaka. Chini kabisa kuna mwamba wa kale, uliopikwa upya kwa joto na mgandamizo, wa miaka zaidi ya bilioni moja. Juu yake kuna matabaka yaliyolala kama chapati, mchanga na chokaa vilivyotulia kwenye bahari ya kina kifupi karibu miaka milioni 550 iliyopita. Mkifika chini tazameni michirizi myeusi iliyosimama kwenye mwamba wa kale. Ni uji wa moto ulioingia kwenye nyufa ukaganda. Fuata mchirizi kwa macho kwenda juu: ukifika kwenye matabaka yaliyolala, unakatika. Maana yake uliingia, ukaganda na kulika kabla matabaka yale hayajatandikwa. Unasoma nani alitangulia bila kuuliza mtu.

Baadaye ardhi ikapasuka na kudidimia, barafu ikapita miaka milioni 300 hivi iliyopita, mto ukamalizia kuchimba.

Na watoto wa Mwanza wajue: itale yetu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ule mwamba wa chini kabisa wa korongo ni mtoto mbele ya jiwe unaloanikia nguo Mabatini.

#6 Mwalimu Mstaafu

Umetaja Jiwe la Bismarck, ndugu, nami nimekumbuka jambo. Mtoto wa Mabatini, uliliona kaburi?

#7 Mtoto wa Mabatini

Ndiyo Mwalimu, siku ya nne, baada ya ule mwamba wa Vidole Vinne. Kaburi la mawe la askari wa Kijerumani, karibu na njia. Tulipita tukasoma jina, von Trotha, tukaendelea. Tulikuwa tumechoka.

#8 Mwalimu Mstaafu

Hapo ndipo ningewaomba mkae dakika kumi.

Huyo ni Luteni Thilo von Trotha, aliuawa Juni 1905 wakati wa vita vya Wanama, wenyeji wa kusini mwa Namibia, dhidi ya Wajerumani. Alikuwa wa ukoo wa Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwaka 1904 na kuwatishia Wanama vivyo hivyo mwaka uliofuata. Jenerali huyo kabla ya kupelekwa kule aliwahi kuongoza jeshi la Wajerumani hapahapa Afrika Mashariki, kuanzia 1894 hadi 1897. Na mwezi uliofuata baada ya kifo cha luteni, Julai 1905, kule Umatumbi wakang'oa pamba na Maji Maji ikaanza.

Kiongozi wa Wanama waliopigana upande ule, Cornelius Fredericks, alikufa mwaka 1907 kwenye kambi ya wafungwa ya Shark Island. Luteni ana kaburi ambalo watembeaji wote hulipita. Sisi tuna mwamba ziwani unaoitwa kwa jina la Kansela wao. Nilifundisha historia miaka mingi, na watoto wengi waliniambia Bismarck ni jina la samaki. Mkienda, msimame pale, na mtaje majina ya upande wa pili kwa sauti.

#9 Kijana wa Igoma

Mimi nitasema ninavyoona. Nauli ya mpaka Windhoek, kisha kama kilomita 500 za barabara hadi Keetmanshoop na nyingine mbele, ni fedha za mtaji wa mtu. Saanane iko dakika chache kwa boti kutoka Capri Point, hifadhi ya taifa tangu 2013, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, ina Jiwe Kuu la kupanda, pimbi, mijusi ya kichwa chekundu na mwili wa bluu. Wangapi humu wameshakwenda? Na vilima vyetu vingine vinachomwa moto na kupasuliwa kokoto kila siku tukitazama. Tungeanza na vya kwetu.

#10 Mtoto wa Mabatini

Kaka, sikupingi. Kuhusu kokoto tu nasema taratibu, kwa sababu mama aliyekaa juani na nyundo pale anasomesha watoto kwa lile jiwe, na nimewaona tangu nikiwa mdogo. Lakini kuna majiwe niliyochezea ambayo leo ni shimo, na hilo linaniuma.

Ila uzi huu na maneno yako havigombani. Maandalizi ya Fish River yako hapahapa, nami ninawaeleza jinsi ambavyo ningejiandaa kama ningeanza upya.

Ningebeba maji, si mchanga wala matofali. Maji kwa sababu goti likikataa unayamwaga papo hapo ukashuka salama. Wiki ya kwanza kilo 5, panda nazo na ushuke nazo. Kushuka ndiko mazoezi yalipo, kupanda ni kujipeleka tu. Hatua fupi, goti lisinyooke kabisa kama mti, mguu wote ukanyage, na fimbo mbili mkononi zitangulie chini kabla ya mguu. Mara ya kwanza utaumwa siku mbili au tatu. Pumzika mpaka maumivu yaishe, rudia baada ya wiki moja au siku kumi, utashangaa yamepungua kiasi gani. Msuli ukishachanika kidogo ukapona, unakumbuka. Polepole ongeza mpaka kilo 15. Miezi mitatu inatosha kwa mtu mwenye afya.

Buti zivaliwe kwenye mazoezi hayo mpaka zizoee mguu. Mwenzetu mmoja alikuja na buti zilizokaa kabatini miaka, soli ikabanduka siku ya pili na akaitembeza kwa kamba ya hema mpaka mwisho. Kata kucha za vidole vya miguu siku moja kabla, kaza kamba za juu kabla ya kushuka ili vidole visigonge mbele. Mimi kucha mbili ziligeuka nyeusi zikadondoka mwezi wa tisa.

Na kitu kimoja ambacho sitakisahau. Jioni ya Alhamisi, mapaja yalishapona, tumelala kwenye mchanga mweupe kando ya dimbwi, jua limeshatutoka sisi chini lakini juu kule ukingoni bado linawaka. Ukuta ukawa mwekundu, kisha wa zambarau, kisha wa bluu kama mgongo wa yule mjusi wetu. Mawe yalikuwa bado yanatoa joto la mchana, unaliegemea jiwe kama unaegemea ukuta wa jikoni. Hakuna aliyesema neno. Ningependa mtu afike pale akiwa na miguu mizima, aangalie ukuta badala ya kuangalia goti lake.

#11 Ngosha wa Pasiansi

Kaka, kundi letu ni watu tisa na wote tunapanda tu, tunashuka na begi tupu kwa sababu maji tumeshayanywa juu. Sijawahi kuliwaza hili hata siku moja. Utatuonyesha?

#12 Mayu wa Nyakato

Nimemsomea binti kwa simu, kuanzia mwanzo. Wao ni sita. Nimemwambia akija likizo mwezi wa kumi na mbili atabeba maji, na atashuka nayo nikimtazama. Matobolwa nitaanza kukausha mimi mwenyewe.

Mwalimu, nimeandika lile jina la Fredericks kwenye karatasi, nitampa aende nalo.

#13 Mtoto wa Mabatini

Asante sana Mayu. Akifika aje atutafute.

Ngosha, Jumamosi hii saa 12 kamili asubuhi, kituo cha daladala Mabatini. Tutapanda kwa njia ya ngazi wakati watu wanatoka kwenda kazini, kwa hiyo tuwapishe, na wenye ndoo za maji wapite kwanza. Kila mtu aje na chupa tatu za lita moja na nusu zilizojaa na asizifungue hadi turudi chini. Maji ya kunywa yawe pembeni. Kijana wa Igoma, njoo na wewe, Jumamosi inayofuata tunakwenda Saanane na ningependa utuongoze pale Jiwe Kuu.

Mwenye buti mpya azivae.